Bendi ninayo, mama

Leo ni siku ya nne, na jibu la yule binti mwimbaji bado linanizunguka kichwani. Wiki hii mdogo wangu amehamia nyumba mpya na mimi nimekabidhiwa kitengo kizima kazini, lakini kila nikikaa kuandika narudi palepale, kwenye ile meza ya mlangoni mwa ukumbi, Jumamosi usiku.

Walipanda jukwaani wasanii wanne wa kujitegemea, kila mmoja na nyimbo alizotunga mwenyewe. Watatu wa kwanza walinipendeza. Wa nne, yule binti, alikaa kwenye stuli peke yake na gitaa lake, akachukua muda mrefu kusawazisha nyuzi, maana joto la taa za jukwaani hulegeza nyuzi za chuma na sauti yake hushuka. Hakuomba radhi wala hakukijaza kimya kile kwa soga. Uzi wa pili ulimsumbua: aliinamisha sikio karibu na tumbo la gitaa, akaugusa kwa ncha ya kidole, akauongeza mkazo kidogo sana, akaugusa tena. Kisha akaimba kuhusu baba aliyezima redio kila mgeni alipobisha hodi, kwa sauti ndogo kiasi kwamba hata sisi wa nyuma tulisikia vidole vyake vikiteleza juu ya nyuzi.

Baadaye nilinunua santuri yake, ambayo aliiuza kwa mkono wake mwenyewe, nami nikamwambia: "Mwanangu, sauti hii inastahili bendi kamili."

Akatabasamu, akanirudishia chenji. "Asante, mama. Bendi ninayo. Leo nilitaka maneno yasikike."

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo linaloniuma. Nimelirudia nikipiga pasi, nimelirudia katikati ya kikao, nikijaribu kulisikia kama shukrani, kisha kama karipio, kisha kama uchovu wa mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo mara nyingi. Nilikusudia kumsifu, kumbe nilimweleza kwamba alichotuletea kimepungua. Njiani kurudi nyumbani kaka alinisimulia habari za uwanja wa Wembley, London, tarehe 11 Juni 1988, katika tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, pale vifaa vya mwanamuziki Stevie Wonder vilipoleta matatizo na mwimbaji Tracy Chapman akarudishwa jukwaani peke yake na gitaa, mbele ya uwanja mzima. Alidhani ananifariji. Mimi nilizidi kuona jinsi nilivyokosea.

Jana usiku, nikikunja nguo, nilijikuta ninaimba ubeti wa pili wa wimbo wake ule wa baba na redio, wote, neno kwa neno, ilhali niliusikia mara moja tu na santuri bado sijaifungua. Nilisimama na shati mkononi. Mimi ambaye mnajua huimba viitikio peke yake na kuguna sehemu zilizobaki, nilikuwa nimeubeba ubeti mzima hadi nyumbani bila kujua, na furaha niliyoipata hapo sina namna ya kuipima. Maneno yalisikika. Anwani yake imeandikwa nyuma ya jalada, na kesho nitamwandikia kumwambia hivyo, bila kugusia habari ya bendi.

Mama hajapokea simu tangu asubuhi. Jirani amemwona uani akianika nguo, ila anasema kikohozi kile kimerudi.