Nilivyokataa kuufuta ujumbe wa ushuru

Simu iliingia saa mbili usiku, nikiwa nahesabu mauzo. Mwanamume alisema anatoka ofisi fulani. "Hajati, ule ujumbe ufute leo. Siku hizi kuna sheria ya kompyuta, utalala ndani." Hakupandisha sauti hata kidogo, na utulivu wake ndio ulionitisha.

Hiyo ilikuwa Februari 2023. Nauza mitumba mpakani, upande wa Uganda, na ni msimamizi wa kundi la WhatsApp la akina mama tunaovusha mizigo Busia na Malaba. Tumo Wasamia, Wateso, Waganda na dada zetu wa Kenya, kwa hiyo tunaandikiana Kiswahili. Siku mbili kabla nilikuwa nimeandika kwamba watoza ushuru wanachukua pesa bila risiti. Nilimtaja mmoja kwa jina, nikamwita mwizi.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimkumbuka Stella Nyanzi, mwanaharakati wa hapa Uganda, aliyehukumiwa miezi 18 mwaka 2019 kwa aliyoyaandika Facebook kuhusu Rais. Mahakama Kuu ilimwachia Februari 2020, lakini kufikia hapo kifungo alikuwa amekaribia kukimaliza. Kulipokucha, wanachama tisa walikuwa wameshatoka kundini. Mmoja aliaga kwa maneno matatu: "Mimi nina watoto."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Nikampigia kwanza mpwa wangu anayesomea sheria Kampala. "Shangazi, usifute chochote," akasema. "Piga picha za skrini unitumie, halafu tuisome hiyo sheria wenyewe."

Tuliisoma kwa simu, jioni tatu. Ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, iliyoongezewa makosa mapya na marekebisho ambayo Rais Museveni aliyatia saini Oktoba 13, 2022. Wakati ule kulikuwa na kosa la kusambaza habari za nia mbaya juu ya mtu. Kulikuwa na jingine la kumtumia mtu habari ambazo hakuziomba, na hapo nilimwambia mpwa wangu arudie, kwa sababu matangazo ya biashara yalikuwa yameachwa nje ya kosa hilo. Maana yake, tangazo la mkopo la kuniamsha alfajiri halikuwa na shida, ila mama mwenzangu akiniletea habari ya ushuru ambayo sikuiomba, angeweza kutafutiwa kesi. Nilikasirika kwelikweli. Sheria iliyoandikwa hivyo haihitaji askari. Watu wanajifunga mdomo wenyewe, kama wale wenzangu tisa.

Lakini mpwa wangu alinionyesha na upande wa pili. Ibara ya 29 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusema na kujieleza. Tena Januari 10, mwezi mmoja tu kabla ya simu ile, Mahakama ya Katiba ilikuwa imefuta kifungu cha 25 cha sheria hiyo hiyo, kile cha mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa maneno yake ni mapana mno na hayajulikani yanaishia wapi. Nilimwomba aniandikie hiyo tarehe kwenye karatasi. Nikaibandika kwenye kaunta.

Kisha nikarudi kwenye maneno yangu mwenyewe. Wizi sikuushuhudia. Nilichojua ni kwamba nimelipa na sikupewa risiti. Kwa hiyo niliandika kundini kwamba neno "mwizi" na lile jina naviondoa, kwa sababu sikumtendea haki, na kwamba habari ya risiti inabaki pale pale. Nilinunua daftari, na kwa wiki mbili kila mama aliandika tarehe, kiasi alicholipa, na kama alipewa risiti. Mistari 64 ilijaa. Risiti zilikuwa tatu.

Ujumbe mpya niliutoa humo humo daftarini: siku fulani tumelipa kiasi fulani, hatukupewa risiti, tunaomba kujua pesa inaingia wapi. Nikaweka jina langu kamili. Nilichapisha barua yenye maneno hayo hayo, nikaipeleka kwa mkono ofisi ya ushuru na kudai nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Picha ya nakala yenye muhuri ndiyo niliyoirusha kundini. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nilimpelekea nakala yake. Wakili wa msaada wa kisheria alikubali namba yake ikae kwa wenzangu watano.

Namba zote za wanachama tuliziandika pia kwenye karatasi. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa na hatukuweza hata kuulizana mizigo iko wapi. Facebook iliendelea kufungwa baada ya hapo; kwetu ilifunguka kwa VPN tu, ile programu ya kukwepa kizuizi.

Yule bwana alipiga tena mwezi Machi. Nilimsalimia, nikamwuliza jina lake na kifungu anachokitumia. Akakata simu.

Kati ya wale tisa, sita wamerudi. Risiti zilitoka kwa wiki tatu, kisha zikapotea tena, kwa hiyo Mei tulianza daftari la pili. Linakaa dukani kwangu, juu ya robota la kwanza mlangoni, na kalamu imefungwa kwa uzi.