Koki ya uani

Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, shule zimefungwa, nikaenda Tanga kufunga na mama. Nafundisha fizikia sekondari. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Koki ya uani ilikuwa inavuja. Tone, kimya, tone. Mama alikuwa ameitegea sufuria, ikijaa anamwagilia mchicha wake, maisha yanaendelea. Mimi yakanikera. Nikamwambia hii ni israfu, nikamkumbusha na ile hadithi ya kutofuja maji hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mwanangu, tumwite yule mzee fundi."

"Kwa koki tu, mama? Mimi ndiye ninayewafundisha watoto presha ya maji."

Nikanunua koki mpya na tepu nyeupe ya mafundi bomba, nikaazima spana ya bomba kwa jirani. Baada ya alasiri nikafunga koki kubwa chini ya tanki, nikaitoa ile ya zamani, nikazungusha tepu kwenye nyuzi za mpya, nikaikaza. Nilipofungulia maji, tone likatokea pale pale kwenye maungio. Nikalitazama. Na lenyewe kama linanitazama.

Hapo ningefunga maji nikaanza upya. Lakini nilikuwa nimefunga, kiu imenishika, hasira nayo imeshanipanda. Nikaitia spana koki ile, maji yakiwa wazi, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Ikalia "ka!" Nusu ya kishingo ikabaki mkononi mwangu, nusu ndani ya bomba, na maji yakanipiga kifuani. Nikakimbilia koki ya tanki. Kumbe nayo nilipoifungulia nilikuwa nimeilazimisha. Mkono wake ukawa unazunguka tupu.

Tanki lilikuwa la lita 1,000, tumelijaza juzi tu, na mtaani maji yalikuwa yamekatika. Nikaziba kwa kidole gumba, yakaruka pembeni mpaka kwenye kanga zilizoanikwa. Nikaziba kwa tambara na kijiti, kijiti kikatemwa kama kokwa ya tende. Mama akamtuma mtoto wa jirani kumwita mzee. Mimi nikabaki nimechuchumaa, gumba kwenye bomba, naomba dua. Niseme kweli, haikuwa dua ya mtu mnyenyekevu. Ilikuwa madai: Ya Rabi, mimi nimefunga, nasali, sasa hili la nini?

Maji yaliisha kabla fundi hajafika. Ua mzima tope, mchicha umelala. Mama akatoka na kopo lake, akakinga mabaki yaliyokuwa yakichuruzika bombani. Halikufika hata nusu lita. Akakaa kwenye kibao, akatawadha taratibu: viganja, kinywa, pua, uso, mikono hadi viwikoni, kichwa, masikio, miguu. Hakukiacha kiungo hata kimoja. Alipomaliza akanisukumia kopo. "Yamebaki yako."

Nimesoma chuoni tangu utotoni kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Nimewahi hata kuwaeleza wengine. Kwa macho yangu niliona siku ile, kwa mama ambaye asubuhi nilimsomea somo la israfu.

Mzee alikuja na baiskeli, vifaa vyake kwenye kiroba cha unga. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia shati lililonigandia mwilini, hakuuliza. Alitoa kipande cha msumeno wa chuma alichokizungushia kitambaa, akakiingiza ndani ya bomba, akawa anakikata kile kishingo kilichobaki, kidogo kidogo, akipapasa kwa kidole asizile nyuzi za bomba lenyewe. Kisha tindo ndogo, akagonga mara mbili. Kikajikunja, akakichomoa kama jino.

"Tepu uliizungushia wapi?"

Nikamwonyesha.

"Koki ukiikaza inakwenda huku, tepu yako inakwenda kule. Unakaza, yenyewe inajifungua." Akanipa koki. Akiba alikuwa nayo kirobani. "Zungusha wewe. Bismillahi."

Neno hilo sikuwa nimelitamka tangu nilipoanza kazi ile. Nikalisema kwa sauti ndogo, nikazungusha kufuata mkono wa saa, yeye akaikaza kwa mkono mtupu, kisha spana robo mzunguko tu. Hata ile ya tanki alinibadilishia.

Adhana ikatukuta hapo hapo. Tukafungua kwa tende na uji wa pilipili manga, mama akatandika jamvi. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa nasalisha, na sauti yangu, astaghafirullah, nilikuwa naipenda. Mama akanitazama nitangulie. Nikarudi nyuma, nikamwambia mzee, "Tangulia wewe." Alisoma Kul-huwallahu na sura nyingine fupi, sauti imekwaruza, kisigino cha soksi kimetoboka.

Nilipomlipa alihesabu pesa zake zote, na ya tepu akaidai.

Idd ilipopita, nafunga begi niondoke, nikamsikia mama nje akimwambia mtoto wa jirani amwite tena fundi. Nikauliza kulikoni.

"Ya bafuni nayo inavuja. Tangu kabla hujaja."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia ungeitengeneza."