Kumbukumbu ya kujifunza Kituruki: sentensi moja, viambishi vingi

Hatua hii ya mradi wangu nimeitumia kuchambua sentensi moja tu: "Komşumuzun kızı dün köyünden gelmiş", yaani binti wa jirani yetu amekuja jana kutoka kijijini kwao, kwa habari zilizomfikia msemaji. Nimeichagua kwa sababu, ingawa ni fupi, ı, i, u na ü zote zimo katika viambishi vyake.

Upatanifu wa irabu, ambao huwatisha wanafunzi wengi, una ndugu yake katika Kiswahili: twasema "pikia" lakini "somea", "katia" lakini "chekea", irabu ya kiambishi ikifuata ile ya mzizi. Kituruki kimeieneza kanuni hiyo karibu katika kila kiambishi, hivyo "komşu" (jirani) huvuta -muz (yetu) na -un, "kız" (binti) huvuta -ı, "köy" (kijiji) huvuta -ü, na "gel" (kuja) huvuta -miş. Katika umilikaji, jirani hutangulia na alama huwekwa pande zote mbili, -un kwa jirani na -ı kwa binti, ilhali sisi twatosheka na "wa" moja katikati.

Neno lililonichukua muda mrefu ni "köyünden". Likigawanywa köy-ü-n-den, -ü ikiwa "-ake", -n- kiungo tu na -den "kutoka", ni "kutoka kijijini kwake". Likigawanywa köy-ün-den, -ün ikiwa "-ako", ni "kutoka kijijini kwako", na umbo halibadiliki hata kidogo. Muktadha ndio unaoamua, au msemaji huongeza "senin" (yaani "-ako") kabla ya neno hilo akikusudia kijiji chako.

Hata hivyo, kinachonivutia kuliko vyote ni -miş. "Geldi" humthibitisha binti kuwa amekuja, mara nyingi kwa kuwa msemaji alishuhudia. "Gelmiş" huonyesha kwamba ameambiwa, au ameona dalili, kama vile viatu mlangoni. "Eti" yetu haitoshi kuifasiri, kwani hubeba shaka, na -miş yenyewe hailazimu shaka yoyote. Naona ni uangalifu mkubwa wa lugha kuweka chanzo cha habari ndani ya kitenzi chenyewe.

Sasa naigeuza sentensi iwe ya wingi: "Komşularımızın kızları dün köylerinden gelmişler." Baada ya -lar ya wingi, -muz na -un zimekuwa -ımız na -ın, na ile ü ya kiambishi imetoweka kabisa. Nitakayoichambua kwanza ni "kızları", kwa kuwa yaweza kuwa binti yao mmoja au mabinti zao.