Kuitambua Johnson ya ami yangu kabla ya kuitafutia spea

Mashine ya boti niliyoachiwa na ami yangu, alipostaafu uvuvi pale Sahare, Tanga, ilikuwa na kofia, yaani kifuniko cha juu, yenye jina la Johnson lililofunikwa nusu na rangi ya buluu, na nyumbani hakuna aliyekumbuka ni ya mwaka gani. Nilikosea kuitafutia spea kabla ya kuijua. Nilikwenda Ngamiani na impela kuukuu ya pampu ya maji, na muuzaji akanipa nyingine aliyoilinganisha kwa macho tu. Mabawa yake ya mpira yalikuwa mafupi kidogo, hayakuzigusa kuta za pampu, kwa hiyo maji ya kupoza hayakupanda na mashine ikapata joto kali hata sijatoka nje ya ghuba. Nashukuru kwamba niliizima mapema.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa soko la samaki la Deep Sea. "Mwanangu, kofia huvalishwa mashine yoyote," aliniambia, "wewe tazama bloku." Kofia kweli huhamishwa, na kibao cha namba kilichopo kwenye mabano yanayoshika tezi, yaani nyuma ya boti, huliwa na chumvi. Lakini katika mashine nyingi za Johnson na za Evinrude, chapa ya kampuni hiyohiyo, namba ya modeli hupigwa pia kwenye kizibo cha chuma cha mviringo, kipana kama sarafu, kilichopachikwa kwenye bloku ya injini. Tulikisugua taratibu kwa petroli na brashi laini, kwa kuwa msasa ungeweza kuzifuta namba zenyewe, mpaka tukasoma J25 mwanzoni na, kabla ya herufi ya mwisho, CO.

Kuanzia mashine za 1980, kampuni iliyozitengeneza zote mbili, Outboard Marine Corporation, iliuficha mwaka katika herufi za neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, na kuendelea hivyo hadi S, ambayo ni 0. C ni 8 na O ni 5. Basi mashine ya ami ni ya 1985, ya nguvu za farasi 25.

Kampuni hiyo ilifilisika Desemba 2000, na Evinrude, iliyoendelezwa na Bombardier, ilikoma kutengenezwa 2020. Hata hivyo Johnson na Evinrude za miaka ile ni ndugu wa tumbo moja, na chini ya kofia spea zao karibu zote ni zilezile, kwa hiyo anayeulizia Johnson peke yake hujinyima mengi. Tena vitu vinavyochakaa upesi, kama impela na gasketi, bado hutengenezwa na viwanda vingine, kikiwemo Sierra, ambacho katalogi yake hutaja namba ya spea ya asili. Namba hiyo ndiyo niliyoiandika kwenye karatasi na kumtumia jamaa yangu wa Mombasa, na impela ikaja kwa basi kupitia Horohoro, ikaingia bila kulazimishwa.

Bado natafuta koili moja. Namba ya modeli nimeiandika kwa rangi nyeupe upande wa ndani wa kofia, na tena kwenye bloku, karibu na kile kizibo.