Siku moja maishani mwangu: fundi wa ukumbi, siku ya filamu ya Wafaransa wa Maine

Saa 1 asubuhi. Mwezi wa tatu hapa Lewiston, Maine, barafu bado imeganda pembeni ya barabara, natembea kwa mguu kwenda job maana gari la mshkaji anayenipaga lifti limegoma. Napita kando ya mfereji unaochota maji ya mto Androscoggin, upande wa pili matofali mekundu ya Bates Mill, kiwanda cha pamba cha tangu miaka ya 1850, walikuwa wanafuma mashuka mazito ya kutandika yanauzwa Marekani nzima, siku hizi mle ndani ni maofisi na migahawa. Mimi ni fundi mitambo, mpanga viti, mfagiaji, kila kitu, kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Little Canada. Hapo ndipo walipojazana Wakanada wa Kifaransa walipokuja kutafuta kazi viwandani, na ukumbi wenyewe zamani ulikuwa kanisa lao. Leo jioni tunaonyesha dokumentari ya historia yao, yani watajaa wazee, na wazee hawa saundi ikikoroma kidogo tu wanakuita.

Saa 2. Viti. Hakuna cha kusimulia.

Saa 3 na nusu. Projekta iko poa ila faili tuliloletewa halina maandishi ya tafsiri pale wanapoongea Kifaransa, na nusu ya filamu ni Kifaransa. Napiga simu, naambiwa subiri, nasubiri. Huku nasubiri naiangalia yote, hiyo ndo raha ya kutesti mitambo unaona kabla ya wenye tiketi. Inaanzia Quebec, jimbo la Kanada wanakoongea Kifaransa, mashamba yamegawanywa mpaka hayagawanyiki tena, familia ina watoto kumi na mbili na deni juu, basi watu wakaanza kushuka kusini, kati ya 1840 na 1930 wanakadiriwa watu laki 9 waliondoka. Reli ya Grand Trunk ilipofika Lewiston 1874 ikawa rahisi, unapanda kule unashukia hapa Lincoln Street, stesheni yenyewe bado ipo mpaka leo, na mara nyingi kuna ndugu yako ameshatangulia anayekuombea nafasi kiwandani. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa hiyo hii ya ndugu kutangulia hakuna aliyenifafanulia. Zipo na picha za mpiga picha Lewis Hine za 1909 kule Manchester, New Hampshire, watoto wamesimama nje ya kiwanda cha Amoskeag, kuna mmoja ukimwangalia unasema huyu ana miaka kumi kweli?

Kilichonikamata zaidi ni vile vitu walivyojijengea wenyewe. Walikuwa wanalipwa senti, ila wakasimamisha makanisa makubwa kama hilo la Peter and Paul hapo juu kilimani, shule za masista, hospitali, gazeti lao la Le Messager lilianza 1880, na kule Manchester mwaka 1908 wakaanzisha St. Mary's Bank, chama cha kuweka na kukopa, yani SACCOS ya kwanza Marekani nzima imeanzishwa kwenye parokia ya hawa wafanyakazi wa pamba. Hapo nilisimamisha filamu nikarudisha nyuma nikasikiliza tena.

Saa 6 mchana. Faili jipya limefika, asante Mungu. Jikoni bibi wa kujitolea wanapasha tourtière, pai ya nyama ya nguruwe ya kusaga yenye karafuu, harufu imepanda mpaka kwenye kibanda changu cha mitambo. Kuna mmoja wote wanamwita mémère, yani bibi, na mimi namwita hivyo hivyo. Ananisemesha Kifaransa, namjibu na kile changu cha shule ya kambini, tunaelewana vizuri tu.

"Mama yako alifanya kazi Bates?" nikamuuliza.

"Mama, shangazi zangu, na mimi mwenyewe kabla sijaolewa. Kelele za mashine zile mwanangu, tulikuwa tunasomana midomo."

Akanihadithia shule yao ya parokia, nusu siku Kifaransa nusu siku Kiingereza. Waliosoma shule za serikali ndo walipata tabu, akasema, halafu akanisukumia kipande cha pai na mazungumzo yakahamia kwa daktari wake wa magoti.

Saa 9. Maiki, betri, spika ya kushoto inayotaka kupigwa ngumi ndo iongee.

Saa 12 jioni. Pamejaa! Nyuma nimewaona na Wakongo kadhaa, wamekuja kusikia Kifaransa. Taa chini, filamu ikaanza, ukumbi ukanyamaza, wanacheka tu wakiona mtaa wanaoujua. Ilipofika miaka ya 1920 na Ku Klux Klan wa Maine, lile kundi la wabaguzi, waliokuwa wanawaandama Wakatoliki, hasa hawa Wafaransa, nikasikia mzee anasonya. Kisha ile sheria ya 1919, shule za serikali zifundishe kwa Kiingereza tu, ikadumu mpaka miaka ya 60, na filamu imeipitia kwa dakika moja hivi jamani, wakati muziki wa fidla umepewa dakika kama kumi. Mimi ningegeuza.

Saa 2 usiku, maswali. Nazunguka na maiki. Kijana mmoja akauliza kwanini wakubwa hawakuwafundisha lugha. Ukumbi kimya, halafu mzee wa mbele akaomba maiki: "Hatukutaka mchekwe kama tulivyochekwa sisi. Hata mwalimu wa Kifaransa alikuwa anatuambia chetu kibovu." Mzee mmoja Mkongo akasimama akamjibu kwa Kifaransa, kwamba yeye akiongea na wajukuu zake wanamjibu Kiingereza na hajui afanye nini, na hapo hawakuhitaji tena mtangazaji, wakaanza kugeukiana kwenye viti na kuongea wao kwa wao, mimi na maiki yangu nimesimama katikati sina kazi. Hiyo nusu saa ilikuwa bora kuliko filamu, nasema ukweli.

Saa 4 usiku. Nafagia, nazungusha nyaya, pai iliyobaki nimefungiwa. Bosi anasema watairudia mwezi ujao, nialike Waswahili wenzangu waje wengi. Nikamwambia sawa, ila safari hii maandishi ya chini yawekwe ya Kiswahili. Akacheka. Sikuwa natania, nimeshamwandikia email.