Risiti zilizogeuka alama za kuuliza

Faili ya Linux ikikunyima ruhusa, wapo wanaokwambia "weka 777 tu, itakubali", yaani kila mtu apewe ruhusa zote. Kukubali itakubali, hata kwa mtu usiyemjua. Ushauri huo nilipewa na watu wasiopungua wanne, mmoja wao baada ya kuninywesha soda kwa hela yangu.

Mwongozo wa programu yetu ya stoo niliurithi. Ukurasa wa kwanza unasema: "Hakikisha folda ya risiti ina ruhusa ya kuandika." Ruhusa ya nani? Dada wa stoo anasoma, anajipa yeye, programu inagoma vilevile, kwa sababu kwenye seva yetu anayeandika risiti ni akaunti ya www-data, inayotumiwa na programu yenyewe, si yeye. Ukurasa wa nakala za akiba ndio kituko zaidi: "Nakala zisomwe na o pekee." Mwandishi alidhani o ni "owner", mwenye faili. Mwenye faili ni u, kundi ni g, na o ni "others", yaani kila aliyebaki. Kwa herufi moja tu, wapita njia wanakaribishwa sebuleni na mwenye nyumba anabaki barazani.

Mimi mjuaji nikasema nitasafisha. Kusoma (r) 4, kuandika (w) 2, kutekeleza (x) 1, unajumlisha tarakimu moja kwa u, moja kwa g, moja kwa o, hesabu za darasa la kwanza hizo. Risiti si programu, nani atazitekeleza? Nikaandika amri ya kubadili ruhusa za folda na vyote vilivyomo, sudo chmod -R 644 risiti (mwenyewe kusoma na kuandika, wengine kusoma tu), nikabonyeza, nikaenda kunywa chai.

Chai haijapoa, simu inaita. "Kaka, risiti zimekuwa maswali." Nikajua ananitania. Nikaandika ls -l, amri ya kuorodhesha faili: majina yapo, lakini palipotakiwa kuwa na mwenye faili, ukubwa na tarehe, pote ni ? ? ? ? ?. Skrini nzima inaniuliza mimi. Nikazima seva na kuiwasha (usinicheke). Maswali yakarudi nayo. Bando la elfu mbili, tatu hivi likaisha nikitafuta namna ya kutengeneza diski iliyoharibika, kumbe diski nzima haina hata mafua.

Ilikuwa ni ile x niliyoifuta. Kwenye folda, x haitekelezi chochote. Ni ruhusa ya kupita. Ukiwa na r bila x, unasoma orodha ya majina iliyobandikwa mlangoni, na mlango wenyewe umefungwa. Kilichoniokoa ni X kubwa: sudo chmod -R u=rwX,go=rX risiti. Hiyo inazipa folda ruhusa ya kupita na kuziacha faili za kawaida zilivyo, ila zile ambazo tayari zina x mahali. Nikamalizia na chown, folda ikawa ya www-data.

Jioni nikaanza kuandika mwongozo upya. "Kutekeleza" nikaibakiza kwenye faili, kwenye folda nikaandika "kupita". Kila penye neno "ruhusa", pawe na jina la anayepewa.

Bosi akataka niongeze "ruhusa ya kufuta". Nikamwambia hakuna kitu hicho. Akabisha, tukawekeana soda. Nikatengeneza faili ndani ya folda yake mwenyewe, nikaiwekea 444, wote kusoma tu, nikamsogezea kibodi: ifute, mzee. Akaandika rm, kompyuta ikamuuliza kama kweli anataka, akabonyeza y. Faili ikaenda! Kufuta ni kuondoa jina kwenye folda, kwa hiyo inayoulizwa ruhusa ya kuandika ni folda, faili haina kauli. Soda yangu bado naidai.

Kesho yake nikampa dada wa stoo mwongozo mpya, nikakaa nyuma yake mdomo nimeufunga. Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Akaenda vizuri hadi ukurasa wa pili, akageuka.

"Kaka, huyu www-data ameajiriwa lini?"

Nikachukua kalamu.