Nani Alikula Mega?

Mwaka 2016 nilikuwa mchapaji kwenye sekretaria moja ya Nyawera, hapa Bukavu. Kwa asiyezijua sekretaria zetu: ni chumba chembamba kando ya barabara, kompyuta mbili tatu, fotokopi, printa, na benchi la wateja. Mtu analeta maandishi yake ya mkono, sisi tunachapa, tunatoa kwenye karatasi, tunafunga kwa spirali. Mwezi wa Juni ndipo wanafunzi wa vyuo wanapokimbizana na TFC zao, yaani kazi za kuhitimu, na hapo hata pa kukaa huwa hapatoshi.

Intaneti ilikuwa ya modem, ile ndogo ya kuchomeka ubavuni mwa mashine. Forfe, yaani kifurushi cha intaneti, alinunua patron mwenyewe, bosi wetu, na alijua mega (megabaiti) zake zilivyo. Zilikuwa za kutuma barua pepe za wateja na kupakua fomu, basi. Sasa msimu ule mega zikaanza kuyeyuka. Patron ananunua asubuhi, kabla ya saa sita ujumbe unaingia: forfe yako imekwisha. Ananunua tena, zinakwisha tena.

"Nani alikula mega?"

Macho yote kwa kijana wa fotokopi, kwa sababu alipenda mpira na simu haikumtoka mkononi. "Papa, haki ya Mungu, mimi sijagusa." Nilimwambia patron kwamba kijana hata neno la siri la ile kompyuta halijui. Akanijibu kuwa vijana wa leo wana akili za kuficha. Mwisho wa mwezi wa Mei akamkata mshahara.

Wakati huo huo, pale chini karibu na saa ya kompyuta, kulikuwa na kibendera cheupe cha Windows. Kilitangaza kwamba tunaweza kutoka Windows 7 kwenda Windows 10 bila malipo, na kwamba ofa inafungwa tarehe 29 Julai. Hatukuitaka. Printa yetu ilikuwa ya kale, na tulishasikia jirani akilia kwamba baada ya kubadilisha mfumo printa yake haitambuliwi tena. Kwa hiyo dirisha likifunguka tunabofya X, tunaendelea na kazi. Tangu nianze kutumia kompyuta X ni X: ondoka, sitaki.

Kumbe mwezi ule wa Mei maana ilikuwa imebadilishwa. Dirisha jipya lilikuwa linakutangazia siku na saa ya kubadilishwa mfumo, na ukilifunga kwa X miadi inabaki palepale. Ili kukataa ilibidi usome vizuri na kutafuta kiungo kidogo cha kuahirisha au kufuta, kilichowekwa katikati ya maneno. Nani anasoma hayo yote na wateja wamejaa benchi?

Jumamosi moja umeme ulirudi alasiri. Kwenye benchi alikuwa mama mmoja mwalimu, anamalizia masomo ukubwani. TFC yake ilihusu uvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, katika Ziwa Kivu, na alitakiwa kuipeleka chuoni Jumatatu asubuhi, nakala zimefungwa tayari. Ilibaki jedwali la yaliyomo na orodha ya vitabu. Nilikuwa ndiyo kwanza nahifadhi sura ya mwisho, mashine ikajifunga yenyewe. Ilipowaka, hapakuwa na faili wala kibendera. Kulikuwa na asilimia zinazopanda polepole, na onyo la kutozima kompyuta, kwamba itajiwasha upya mara kadhaa.

Mama akasogea. "Kaka, iko nafanya nini?"

"Iko najibadilisha yenyewe, mama."

"Nani aliiambia?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Akafungua mkoba, akatoa barua ya chuo yenye tarehe ya mwisho, akaiweka juu ya meza karibu na skrini, kana kwamba kompyuta nayo ingeisoma.

Asilimia zilipokaribia arobaini, umeme ukakatika. Onyo linasema usizime, na SNEL, shirika letu la umeme, haisomi maonyo. Kijana wa fotokopi akakamata kibidoni, akakimbilia kwa kadhafi wa kona, muuza mafuta wa barabarani, kununua petroli ya grupe, yaani jenereta. Yule yule aliyekatwa mshahara. Grupe likanguruma, nikawasha mashine, moyo uko kooni. Ikaandika kwamba inarudisha toleo la zamani. Hiyo nayo ilichukua muda wake, na petroli inapungua. Mama mwalimu hakukaa tena, alisimama nyuma ya kiti changu akisoma kila neno lililotokea kwa sauti, kama anayesoma imla darasani.

Windows 7 ilirudi. Sambaza walikuwemo, na sura ya mwisho pia. Tuliandika orodha ya vitabu, tukatoa nakala zote huku grupe likikohoa, mama akaondoka usiku na mfuko wake kifuani.

Mimi nikabaki kwenye mashine. Diski C ilikuwa imejaa, na tulikuwa hatujaweka kitu cha maana. Nikaiambia ionyeshe mafaili yaliyofichwa, likatokea folda linaloitwa $Windows.~BT, gigabaiti kadhaa. Nikatazama tarehe yake: ilikuwa ya wiki zile zile mega zilipokuwa zinayeyuka. Mfumo mpya ulikuwa umeshushwa kimyakimya kupitia modem ya patron. Tangu Februari ulikuwa umetoka kwenye masasisho ya hiari na kuwekwa kati ya yale yanayopendekezwa, na yale hujipakua yenyewe kwenye mashine iliyoachwa kujisasisha, kama yetu. Windows 7 haina hata mahali pa kuiambia kwamba intaneti hii inalipiwa kwa mega.

Nikamwita patron. Akavaa miwani, akaangalia tarehe, akaangalia ukubwa.

"Hii ndiyo ilikula?"

"Ndiyo, Papa."

"Mgeni gani anaingia mpaka jikoni bila kupiga hodi?"

Niseme haki: Windows 10 yenyewe haikuwa mbaya. Niliitumia baadaye na niliipenda, na mfumo wa zamani una matundu mengi ya virusi, hasa kwetu ambako kila mwanafunzi anakuja na flashi iliyopita mashine kumi. Kilichoniudhi ni X. Na aliyeupanga utaratibu ule alidhani kila kompyuta duniani iko mahali ambapo umeme haukatiki na mega hazihesabiwi. Mwezi huo huo wa Juni watu wa hifadhi ya Chinko, kule Jamhuri ya Afrika ya Kati, nao walilalamika hadharani: kompyuta zao za porini zilikuwa zinavuta mfumo huo kupitia setilaiti, kwa intaneti ya bei kali. Makelele yalipozidi, mwishoni mwa Juni Microsoft, kampuni yenye Windows, ilitangaza dirisha jingine, lenye kitufe cha kukataa waziwazi.

Niliondoa sasisho lililoleta kibendera, patron akaamuru modem ichomolewe kila barua ikishatumwa. Kijana akarudishiwa nusu ya pesa yake. Nusu nyingine, alisema patron, ni ya zile video za mpira ambazo hata kama hazikuonekana, lazima zilikuwepo.

Baadaye nikasoma kwamba huko California mwanamke mmoja mwenye ofisi ya safari aliishtaki kampuni, kwa kuwa kompyuta yake ya kazi iliharibika baada ya mabadiliko hayo, akapewa dola 10,000. Nilimsomea kijana habari hiyo. Akaniomba nirudie kiasi, akapiga hesabu ya forfe kwenye simu yake, kisha akaenda kumwonyesha patron na kudai nusu yake iliyobaki.